Mvua, Kengele na Kiti cha Enzi



Mimi nikaaye hapa Iringo, katika mji wa Musoma, huamshwa kila siku na sauti mbili ambazo hazikupata kugombana. Kwanza huja adhana ya alfajiri, ikipanda juu ya mabati kungali na giza. Kisha hufuata kengele ya kanisa, nayo hulia wakati wavuvi wamekwisha kufunga vyombo vyao Mwigobero na akina mama wa dagaa wameanza kushindania bei. Kwa mkazi wa mji huu sauti hizo mbili ni wito: mwenye kuitika huitika, na asiyeitika hujigeuza upande wa pili akavuta shuka, wala hapana askari ajaye kumgongea mlango. Walakini zilikuwako nchi na zama ambamo kengele haikuwa wito bali amri, na kamba ya kengele hiyo, aliyeishika ndiye aliyeshika maisha ya watu tangu kuzaliwa hata kuzikwa.

Nazungumza juu ya Ulaya ya Karne za Kati, yaani ile miaka kiasi cha elfu moja iliyopita baina ya kuanguka kwa dola ya Rumi upande wa magharibi na siku za Wareno kuzunguka Afrika kwa merikebu zao. Sikuchagua habari hizi kwa mapenzi ya mambo ya ugenini. Nimezichagua kwa sababu swali lililowatoa jasho watu wa huko ndilo lililowatoa jasho wazee wetu wa Butiama na Ikizu, na masultani wa Kilwa pia: mtawala huipata wapi idhini ya kutawala, na akipotoka, ni nani awezaye kumshika mkono?

Tuanze chini, kwa mtu wa jembe, maana juu ya mgongo wake ndipo viti vyote vya enzi vilipowekwa. Mkulima wa Uingereza au wa Ufaransa katika karne ya 13 hakuwa na saa wala kalenda. Kengele ilimwamsha, kengele ikamrudisha shambani, kengele ikamwambia kwamba jirani yake anakata roho, na jioni kengele ikamwamuru afukie moto wake akalale. Wengi wao walikuwa wafungwa wa ardhi: hawakuuzwa sokoni kama watumwa, lakini hawakuwa na ruhusa ya kuhama, na aliyetaka kumwoza binti yake alilipa ada kwa bwana mwenye shamba. Siku kadhaa za kila juma alilima konde la bwana kabla ya kugusa lake, na nafaka yake aliisaga katika kinu cha bwana, akaacha humo sehemu ya unga kuwa malipo. Kisha Kanisa likaja kwa zaka, nayo ni fungu la kumi la kila kitu: mganda mmoja katika miganda kumi, mwanakondoo mmoja katika kumi, likawa na maghala makubwa kuliko nyumba yoyote ya kijijini. Na siku alipokufa, hapa nawaomba wafugaji wa Bunda na Butiama watege masikio, bwana wa shamba alichukua mnyama aliye bora kuliko wote zizini, na kasisi akachukua wa pili kwa ubora, kwa hoja kwamba huenda marehemu katika uhai wake alisahau kulipa zaka. Mjane alibakiwa na wa tatu, kama wa tatu alikuwapo.

Hata hivyo haitakuwa insafu kuisimulia nusu hiyo tukaificha nusu ya pili. Kanisa hilohilo lililochukua ng'ombe wa mjane ndilo lililokuwa na nyumba za kuwapokea wagonjwa, ndilo lililofundisha watoto wachache kusoma, ndilo lililogawa mikate mlangoni mwa watawa wakati wa njaa. Na sikukuu za watakatifu, ambazo zilikuwa nyingi mno, zilimpa mkulima mapumziko ambayo bwana wake asingempa kwa hiari yake. Siku za Ijumaa, na siku zote arubaini za Kwaresima, nyama ilikuwa haramu kwa tajiri na maskini sawasawa, hata watu wa mbali na bahari wakawa wanakula samaki wa chumvi waliosafirishwa katika mapipa, na watawa wakachimba mabwawa wafugie samaki wao. Naam, wavuvi wetu wangalizaliwa kule zama zile, Kwaresima ingalikuwa ndio msimu wao wa mavuno!

Basi juu ya mkulima huyo alikaa bwana wa shamba, juu ya bwana alikaa mfalme, na hapo ndipo penye fundo la hadithi yetu. Kwa nini watu waliokuwa wengi wamtii mtu mmoja? Upanga peke yake hautoshi, maana hata mwenye upanga hulala usingizi. Kwa hiyo siku ya kutawazwa, askofu alimpaka mfalme mafuta matakatifu, akamfanya mtu wa namna ya pekee, asiyekuwa kasisi lakini si kama watu wengine. Wafalme wa Uingereza na Ufaransa waliaminiwa kuwa wakimgusa mtu mwenye uvimbe wa tezi za shingoni, uvimbe utapona. Na wagonjwa walisafiri mwendo mrefu wakapanga safu mbele ya mkono wa mfalme, kama tuonavyo leo watu wakipanga safu kwa mganga aliyepata sifa. Ni dhahiri kwamba kwa baraka hiyo mfalme alipanda juu sana; lakini, wasikilizaji wangu, mtu aliyepandishwa kwa ngazi ya mwenziwe aangalie, kwani mwenye ngazi aweza kuiondoa.

Henry wa 4, mfalme wa Wajerumani, alilionja jambo hilo. Yeye na Papa Gregory wa 7 waligombania haki ya kuweka maaskofu, kwa kuwa askofu wa zama zile alimiliki ardhi na askari, na aliyemweka ndiye aliyepata utii wake. Ugomvi ulipokithiri, mnamo mwaka 1076 Papa alimtenga Henry na Kanisa, akawafungulia raia zake kiapo cha utii walichokuwa wamemwapia. Neno moja tu lilitamkwa Rumi, wala hapakurushwa mshale, na wakuu wa Ujerumani waliokuwa wakitafuta kisingizio wakaanza kumkimbia mfalme wao. Ikambidi avuke milima katikati ya majira ya baridi kali, na mwezi wa Januari 1077 akasimama siku tatu nje ya lango la ngome ya Canossa, miguu mitupu, amevaa nguo ya toba, akingojea Papa amfungulie mlango. Mlango ulifunguliwa akasamehewa. Baadaye, alipopata nguvu, aliuteka mji wa Rumi, na Gregory akalazimika kuuhama, akafa ugenini mwaka 1085; maana kamba ina ncha mbili, na Kanisa nalo, lilipotamani upanga, lilikatwa kwa upanga. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuona waliyoyaona: kumbe mfalme huweza kungojea mlangoni kama mtu mwingine.

Karibu miaka mia moja baadaye habari kama hiyo ilitukia Uingereza. Mfalme Henry wa 2 alikuwa na rafiki mpendwa aitwaye Thomas Becket, waziri wake na mshiriki wake katika mawindo na karamu, naye mwaka 1162 akamfanya Askofu Mkuu wa Canterbury, akitumai kwamba kwa kuwa na mtu wake mwenyewe juu ya Kanisa, Kanisa zima litakuwa mfukoni. Ajabu ni kwamba Thomas, alipokwisha kuvaa joho la askofu, aliligeuza shauri, akawa mtetezi mkali wa Kanisa kuliko wote waliomtangulia. Walikosana zaidi juu ya makasisi waliofanya jinai, je, wahukumiwe na mahakama za mfalme au za Kanisa. Na tukisema kweli, katika shauri hilo hoja ya mfalme haikuwa ya kipumbavu. Lakini tarehe 29 Desemba 1170 askari wanne wa mfalme waliingia kanisani Canterbury wakamwua askofu ndani ya nyumba ya ibada. Mwaka 1173 Papa akamtangaza Thomas kuwa mtakatifu, na mwaka 1174 mfalme mwenye nguvu kupita wote wa magharibi alitembea miguu mitupu mpaka kaburini kwa rafiki yake, akainama, akachapwa fimbo na watawa mbele ya macho ya watu. Naomba mlihifadhi jina hilo la Thomas, maana tutakutana nalo tena kabla ya kuagana.

Sasa tuyaache mabara ya baridi turejee pwani yetu, kwa sababu katika karne hizohizo Kilwa ilikuwa dola yenye msikiti wa mawe, na sarafu za shaba zenye majina ya masultani wake, na biashara ya dhahabu iliyoletwa kutoka Sofala. Mwaka 1331 alifika huko Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani Baba wa Vipaji, kwa wingi wa ukarimu wake. Msafiri ametusimulia kwamba siku moja, sultani akitoka katika swala ya Ijumaa, alisimamishwa njiani na fakiri kutoka Yemen, akamwomba zile nguo alizokuwa amezivaa. Naye hakumwambia subiri wala njoo kesho, bali alirudi msikitini, akavaa nguo nyingine, akampa zile. Mwanawe alizichukua nguo zile kwa fakiri na badala yake akampa watumwa kumi. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo hilo, akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Ni hadithi tamu ya ukarimu, na aghalabu husimuliwa ikaishia hapo. Mimi sitaki iishie hapo, kwa kuwa msafiri huyohuyo ametuambia vipaji hivyo vilitoka wapi. Sultani alikuwa akipeleka majeshi kuwavamia watu wa bara, akateka, kisha akaitenga khumsi, sehemu moja katika tano, kama sheria ya dini ilivyoagiza juu ya ngawira, akaitumia kuwakirimu masharifu waliomwendea kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko. Hesabu ilikuwa safi mbele ya sheria; lakini wale watumwa ishirini waliomwendea fakiri walikuwa na mama zao mahali fulani katika bara hii tunayoishi. Mnaona, basi, ya kwamba mkulima wa Ulaya aliyenyang'anywa ng'ombe wa pili kwa ubora, na mtu wa bara aliyetekwa akawa kipaji cha fakiri, wote wawili walilipia utukufu wa mtu mwingine, na wote wawili waliambiwa kwamba mambo yamekwenda kwa mujibu wa dini.

Hata hivyo, hata Kilwa mtawala alipimwa kwa kipimo alichokitundika mwenyewe. Al-Hasan alipofariki akatawala ndugu yake Daud, na huyu alikuwa mtu wa mkono mkavu: mwombaji akimjia humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutolewa. Wageni waliokuwa wakijaa barazani wakapungua mmoja mmoja, na Ibn Battuta akaliandika jambo hilo. Hivyo Daud, aliyerithi dola nzima, hukumbukwa mpaka leo kwa jibu moja la uchoyo. Raia na wageni wakishazoezwa kuona ucha Mungu wa mtawala katika mkono wake, mrithi hana ruhusa ya kuufumba mkono akaendelea kuitwa mcha Mungu.

Sasa twende nyumbani kabisa. Wazee wa Kizanaki hawakuwa na mfalme. Koo zao zilikaa vilimani, kila watu na malisho yao na mashamba yao ya ulezi na mtama. Ugomvi ulisuluhishwa na wazee, vita na ulinzi vikawa kazi ya marika, na mvua, nayo ndiyo roho ya yote, ikawa mikononi mwa waganga wa mvua, ambao wenyeji huwaita abagimba. Mwenye mvua hakuwa na askari wala gereza. Watu walimpelekea mbuzi au nafaka wakamwomba, naye akafanya mambo yake ya siri. Mvua ikinyesha heshima yake ilikuwa kubwa kuliko ya jemadari, na mvua ikikataa, macho yaleyale yaliyomwinamia yalianza kumkodolea. Katika nchi nyingi za kanda hii ya Ziwa, mtemi aliyeshindwa na mvua aliweza kufukuzwa katika kiti chake, na baadhi ya waganga waliadhibiwa kwa dhana kwamba wameifungia mvua kwa chuki. Sitetei ukatili huo, kwa kuwa wingu halina kosa la kuhukumiwa mtu. Lakini natambua sheria iliyofichika ndani yake, nayo ni hii: ukisema mvua ni yako, ukame nao ni wako.

Jirani zetu wa Ikizu, ambao leo wako Bunda, wana mapokezi yao juu ya asili ya utawala, nayo hutofautiana kidogo kwa kila mzee anayeyasimulia. Husimuliwa kwamba mwanamke aitwaye Nyakinywa alitoka Kanadi, katika nchi ya Wasukuma, akiwa na elimu ya mvua, akakutana na mwindaji Isamongo ambaye alikuwa na moto. Wakapimana uwezo. Moto ni kitu cha kutisha na aliyeushika huweza kuwatisha wenziwe, lakini mvua ya Nyakinywa ilishinda, na utemi ukawa wa mwanamke huyo na wa uzao wake. Hadithi hii naipenda kupita nyingi za wafalme wa Ulaya, maana hakuna ndani yake damu iliyomwagika. Ushindi alipewa yule mwenye kunywesha mashamba, na mwenye kuunguza akakubali.

Tena liko jambo moja ambalo, nilipolijua mara ya kwanza, lilinifanya nicheke peke yangu kwa furaha. Miongoni mwa watu wa Mara, rika lililopokea nchi lilikuwa na wajibu wa kuizunguka kwa miguu, kufuata mipaka yake, ili nchi itengenezeke, maradhi yakome na mimea istawi. Na katika vijiji vya Uingereza ya Karne za Kati, siku chache kabla ya sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, kasisi alitangulia na msalaba, watu wakamfuata na watoto wao, wakaizunguka mipaka ya parokia yao wakiomba Mungu abariki mashamba. Hawa hawakuwa wamesikia habari za wale, wala wale hawakuwajua hawa. Lakini wote walijua kwamba nchi ni kitu cha kuombewa na watu wote kwa miguu yao, si cha kuombewa na mtu mmoja akiwa ameketi kitini.

Mambo yaligeuka walipokuja watawala wa mbali. Wajerumani walitafuta mtu wa kumtwika kodi na amri, na kwa kuwa kwa Wazanaki hapakuwa na sultani wa namna waliyoizoea, ilibidi wawafanye machifu. Na mwaka 1915 wakamsimika Burito Nyerere wa Butiama, mzee aliyepewa jina la Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati viwavi, ambao kwa Kizanaki ndio nyerere, walipoivamia nchi. Waingereza waliporithi nchi hii walimwacha kitini. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, akaja na mpango wa kutawala kwa mikono ya machifu, na sheria ya mwaka 1926 ikawapa baraza, hazina na mshahara uliotokana na kodi ya raia. Alidhani anawarudishia wenyeji desturi zao; lakini sehemu nyingi, na kwa Wazanaki hasa, alikuwa akisimika kitu kilichofanana zaidi na yule bwana wa shamba wa Uingereza ya kale.

Sineni haya kumlaumu mzee Burito, ambaye aliishi kwa heshima katika boma lake lenye wake 22 mpaka alipofariki mwaka 1942. Nanena juu ya mpango wenyewe. Zamani mwenye mvua aliwajibika kwa watu, na kosa lake lilionekana angani bila karani. Sasa chifu aliwajibika kwa Bwana Shauri, yaani mtawala wa Kiingereza wa wilaya: kodi ikitimia alisifiwa hata kama mvua haikunyesha, na kodi isipotimia alikemewa hata kama wingu lilijaa. Ncha ya kamba iliyokuwa mikononi mwa raia ilichukuliwa ikafungwa kwenye meza ya ofisi, na tangu hapo mtu aliyedhulumiwa barazani hakuwa na mbingu wala rika la kulikimbilia.

Katika boma hilo, kwa Mugaya, mke wa tano wa Burito, alizaliwa mtoto tarehe 13 Aprili 1922. Jina lake la kwanza lilikuwa Mugendi, yaani mtembezi, lakini kwa shauri la mwaguzi likabadilishwa akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Inasimuliwa kuwa Mtemi Mohamed Makongoro wa Ikizu, ambaye yeye alikuwa Mwislamu, alimwona mtoto huyo akicheza bao kwa akili isiyolingana na umri wake, akashauri apelekwe shule. Na mwaka 1934 akaletwa Mwisenge, hapa mjini kwetu. Tarehe 23 Desemba 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki, alibatizwa misheni ya Nyegina akaitwa Julius. Tazameni basi mtoto mmoja alivyokusanya: jina la mzimu wa mvua, shauri la mtemi wa Kiislamu, na maji ya ubatizo wa Kikatoliki, bila moja kulifukuza jingine katika kumbukumbu ya watu wake.

Na mtoto huyo wa chifu, alipopata dola, mwaka 1963 serikali yake ilifuta kwa sheria mamlaka ya machifu nchini, pamoja na kiti kile alichoketi baba yake na ambacho ndugu yake Wanzagi alikuwa amekirithi. Wako waliohuzunika, na huzuni yao si ya kupuuzwa, maana pamoja na fimbo ya mkoloni lilikwenda pia neno la kale la mzee aliyejua majina ya wazazi wa kila mtu. Wala yeye mwenyewe hakuepuka kipimo. Miaka ya 1974 na 1975, wakati watu walikuwa wakihamishiwa vijijini, wengine kwa hiari na wengine kwa nguvu, ukame uliipiga nchi na nafaka ikaagizwa ng'ambo. Na mtu mwenye jina la mvua alitakiwa kuwajibu raia kwa nini ghala ni tupu. Hakuna aliyemwambia ameifungia mvua, maana zama zimebadilika. Lakini njaa ni ileile, na swali ni lilelile.

Nilisema tutakutana tena na jina la Thomas. Mwalimu Nyerere alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 mjini London, katika hospitali ya St Thomas'. Hospitali hiyo ilianzia katika nyumba ya watawa ya Karne za Kati, na Thomas aliyepewa kwanza heshima ya jina lake alikuwa yuleyule Becket aliyeuawa kanisani. Mfalme Henry wa 8, alipojitenga na Papa, hakupenda kuwa na mtakatifu ambaye sifa yake ni kumkataa mfalme. Mwaka 1538 aliliharibu kaburi la Becket na kuamuru jina lake lifutwe vitabuni, na hospitali ilipofunguliwa upya mwaka 1551 ikahesabiwa kuwa ya Thomas mwingine, yule mtume wa Yesu. Hivyo mwana wa Butiama, ambaye Jimbo Katoliki la Musoma limeanzisha shauri la kumwombea atangazwe mtakatifu, alimalizia pumzi yake chini ya jina ambalo mfalme mmoja alilipandisha kwa kosa lake na mwingine akajaribu kulifuta kwa hofu yake.

Wasikilizaji wangu, leo hatumpaki mtawala mafuta wala hatumpelekei mbuzi alete mvua. Lakini kiongozi wetu, kabla ya kukalia kiti, husimama mbele ya watu akashika Msahafu au Biblia kwa mkono wake, akaapa, akamaliza kwa kumwomba Mwenyezi Mungu amsaidie. Wengi huuona muda huo kuwa mapambo ya sherehe, wakangoja ngoma zianze. Mimi nauona kuwa ndio muda ambao nchi nzima hupewa ncha ya kamba. Henry alisimama barafuni Canossa kwa sababu raia walikuwa wamemwapia mbele ya Mungu na kiapo kikafunguliwa. Mwenye mvua aliulizwa kwa sababu alisema mvua ni yake. Naye Daud wa Kilwa anasemwa hata usiku huu, hapa Musoma, kwa sababu ndugu yake aliwazoeza watu kutazama mkono. Wahenga walisema ahadi ni deni, na deni lililoandikwa mbele ya Mungu halifutiki kwa mdaiwa kupanda cheo.

Kesho alfajiri adhana itapanda tena juu ya mabati ya Iringo, kisha kengele itafuata, na wavuvi watakuwa wanarudi. Yeyote atakayeamshwa nazo, awe mwenye kuswali, awe mwenye kusali, awe mwenye kugeuka alale, na akumbuke kwamba sauti hizo humwita na yule mwenye kiti vilevile, wala hazimwiti kwa cheo chake.

Nawatakieni usiku mwema, na mvua ya kiasi.